Kosa la Kurahisisha

Paukwa siisemi. Katika nchi ninayoisimulia, mtu wa mwisho kusema Paukwa hadharani aliulizwa kibali cha kuanzisha hadithi, na kwa vile hakuwa nacho wakamng'oa kucha za mkono wa kulia, mkono ambao hata hivyo hakuwa akisimulia nao. Kwa hiyo naanza katikati, kimyakimya, kama mpita njia. Nchi yenyewe siitaji. Mkiitambua, mmeitambua wenyewe. Msije mkasema mimi ndiye niliyewaonyesha.

Nchi hiyo ilikuwa na bendera, na bendera ilikuwa na mlingoti wa mti wa mvule, umesimama katikati ya Uwanja wa Umoja. Kileleni palikuwa na kapi, yaani kile kigurudumu kinachopitisha kamba. Ukivuta kamba upande huu bendera inapanda, ukivuta upande ule inashuka. Hata mbuzi angeuelewa mtambo huo, na nadhani balaa lilianzia hapo, maana serikali inayojiheshimu haiwezi kuendesha kitu kinachoeleweka na mbuzi.

Ikawa Spika mstaafu amefariki, kwa uzee wake mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu. Bendera ikashushwa nusu mlingoti. Taifa likaomboleza juma zima kama sheria inavyotaka: redio zikapiga kwaya, waliocheka wakapigwa, na waliolia kwa sauti ndogo wakapigwa pia ili sauti ipande. Juma likaisha. Asubuhi askari wa bendera akashika kamba akavuta. Haikwenda. Akavuta kwa mikono miwili. Akaita mwenzake, wakavuta mpaka mishipa ya shingo ikawasimama. Kamba ilikuwa imeteleza kutoka kwenye kapi ikabanwa pembeni. Uwanja mzima uliiona, imebanwa kama kidole mlangoni.

"Kapandeni mkaitoe!" alipaza sauti bwana mmoja muuza karanga.

Sentensi hiyo ilimgharimu meno yote ya mbele. Walimpiga pale pale, juu ya karanga zake, na nina hakika kwa nia njema. Kwani Katiba ya nchi ilisema, na bado inasema: Hakuna mtu atakayekuwa juu ya bendera. Walioitunga walikusudia jambo lingine kabisa, lakini walishakufa, na maiti hawatafsiri sheria. Kapi liko juu ya bendera. Anayelifikia kapi yuko juu ya bendera. Aliye juu ya bendera ni mhaini, na mhaini hunyongwa. Basi muuza karanga alikuwa akiwashawishi watu wakanyongwe, na ukilitazama hivyo, meno ni adhabu ya upole.

Shitaka lake waliliandika kwa neno ambalo halikuwamo katika sheria mpaka siku ile. Waliandika: kurahisisha.

*

Mtukufu Mlezi wa Taifa, ambaye alipenda kuitwa hivyo na alipenda zaidi kuwalea walioacha kumwita hivyo, aliunda Tume ya Kitaifa ya Utatuzi wa Utata wa Bendera. Mwenyekiti akawa Profesa Kifundo, bingwa wa mifumo, aliyepata shahada yake ya juu kwa kuthibitisha kwamba mlango ni suala lenye pande mbili.

Profesa alilihutubia taifa kwenye redio.

"Ndugu wananchi, suala la bendera ni suala mtambuka. Ndani yake mna kamba, lakini si suala la kamba. Mna mlingoti, lakini si suala la mlingoti. Wapo wapotoshaji wanaosema ni jambo rahisi. Nawauliza: mkienda sokoni, kitu rahisi ni kitu gani? Ni kitu hafifu! Ni kitu kilichovaliwa na wengine! Je, mnataka taifa letu liwe na tatizo la mtumba?"

Tukajibu hatutaki. Waliochelewa kujibu walisaidiwa kwa mkanda.

Lakini ugumu ulikuwepo, lazima niseme ukweli. Sheria ilikataza bendera kuwa nusu mlingoti bila msiba wa kitaifa, kwa sababu huko ni kulitabiria taifa kifo. Sasa msiba umekwisha na bendera iko nusu. Kwa hiyo serikali ilikuwa ikivunja sheria mchana kweupe, jambo ambalo siku zote ilikuwa na adabu ya kulifanyia ndani. Tume ikakaa. Ikakaa tena. Wajumbe wawili walipigana kwa viti juu ya maana ya neno nusu, mmoja akatoka na jicho mkononi. Hatimaye Profesa Kifundo akasimama, akafuta miwani yake, akatoa lile wazo ambalo watoto wa shule walilazimishwa kulikariri baadaye.

"Tumekuwa tukijitahidi kuilinganisha bendera na hali," alisema. "Ni fikra za kizamani. Tuilinganishe hali na bendera. Bendera ipo msibani tayari. Kinachokosekana ni marehemu tu."

Wakamtafuta marehemu.

Wa kwanza alikuwa Jaji Mkuu mstaafu. Aliteleza kwenye zulia la sebuleni kwake, akainuka, akateleza tena, akaendelea kuteleza mpaka askari waliokuwa wakimtelezesha wakaomba maji ya kunywa. Taifa likalia juma zima na bendera ikawa halali. Juma lililofuata ilikuwa zamu ya balozi mmoja, aliyejikata koromeo kwa wembe huku mikono yake imefungwa kwa nyuma, ustadi ambao gazeti la serikali liliusifu katika ukurasa wa kwanza. Akafuata Mkuu wa Chuo, ambaye aliliwa na mbwa wake. Hakuwa na mbwa. Aliletewa.

Baada ya hapo heshima ikaanza kuadimika nchini. Waheshimiwa walivua uheshimiwa kama mtu anayevua shati lenye siafu. Waziri mmoja alikutwa sokoni akimwoshea masufuria mama lishe, na alipoulizwa jina alisema, "Mimi mtu wa hivi hivi tu, kaka." Naibu wake alimshitaki jirani kwa kumsalimia kwa adabu. Mbunge akikanyagwa mguu yeye ndiye aliyeomba radhi. Nawaambia, kwa majuma machache nchi ile ilitawaliwa vizuri ajabu, kwa kuwa hakukuwa na mtu aliyekubali kuitawala.

Profesa Kifundo hakubabaika. Kama wakubwa wamekwisha, alisema, tutengeneze wakubwa. Ndipo zikaanzishwa Nishani za Taifa. Bendi inafika mlangoni kwako asubuhi, tarumbeta zinalia, unavalishwa medali mbele ya majirani, unatangazwa Shujaa wa jambo fulani, na tangu hapo jina lako kwenye orodha za serikali linaandikwa hivi: marehemu mtarajiwa.

Watu wakaanza kukimbia ubora. Walimu wakafundisha ovyo. Mafundi wakajenga kuta zilizopinda. Golikipa wa timu ya taifa akawa anafungwa makusudi, tena anakaa kabisa golini. Akaletewa Nishani ya Unyenyekevu. Alizikwa kwa heshima zote, isipokuwa kichwa, ambacho hakikupatikana.

*

Hapo ndipo anapoingia Mbaruku.

Mbaruku alikuwa kinyozi. Kibanda chake kiligusana ukuta na bucha la mkewe, Siwema, mwanamke mwenye mikono ya kupasua fupa la paja kwa msumeno huku anakutania. Mteja alikuwa ananyolewa upande huu na ananunua maini upande ule, na kelele za mke na mume zilikuwa zinapita ukutani.

"Mbaruku! Unanyoa au unapapasa?"

"Nanyoa kwa upole, Mama Chausiku. Sisi wengine wateja wetu wako hai."

Siku bendi ilipokata kona na kuelekea sokoni, watu walitawanyika kama kuku walioona kipanga. Mwenye genge aliingia chini ya gunia la vitunguu. Bendi ikasimama mbele ya kibanda cha kinyozi. Jenerali Pandikizi mwenyewe, mkuu wa majeshi, pande la mtu linalopita mlangoni ubavu ubavu, alishuka na medali juu ya mto mwekundu.

"Nishani ya Mkasi wa Taifa," akasema. "Hongera, Shujaa."

Siwema alitoka buchani, msumeno mkononi, aproni ina damu. Akamgeukia mumewe, si Jenerali.

"Nani kakutuma unyoe vizuri?"

"Wallahi sikunyoa vizuri! Juma lililopita nimemkata mtu sikio, makusudi kabisa."

"Sikio la nani?"

"La karani wa Tume."

"Naye ndiye aliyekupendekeza," alisema Jenerali kwa furaha. "Anasema tangu siku hiyo anasikia nusu tu ya malalamiko ya wananchi. Hajawahi kuhudumiwa hivi."

Wakamvalisha medali. Pini ilipita kwenye shati ikaingia kwenye nyama, ndiyo desturi. Mbaruku hakupiga kelele. Alimtazama mkewe akasema, "Mama Chausiku, wembe nimeuacha kwenye maji. Utashika kutu." Wakampakia.

Walimpeleka Nyumba ya Mashujaa, ambako marehemu watarajiwa hulishwa pilau mpaka zamu yao ifike. Juma lile taifa lilikuwa likimlilia mkunga mmoja, Shujaa wa Uzazi, aliyeanguka kutoka ghorofani katika jengo lisilo na ghorofa. Msiba wa mkunga ukiisha, Mbaruku angeteleza.

*

Siwema alikwenda ofisini kwa Profesa Kifundo. Alimkuta amezungukwa na michoro ya mlingoti: mlingoti kwa mbele, mlingoti kwa nyuma, mlingoti kisaikolojia.

"Shikamoo, Profesa. Mimi mke wa kinyozi. Nimekuja kwa ajili ya kamba."

"Marahaba. Kamba ipi, mama? Kamba ya kisheria, kamba ya kihistoria, au..."

"Ile iliyokwama."

Profesa akavua miwani. Watumishi wakatoka wenyewe, kwa mazoea, maana mara nyingi waliokuja kusema hivyo walitapishwa damu zuliani.

"Kamba imetoka kwenye kapi," Siwema akasema. "Mtu apande, airudishe, bendera ipande. Mume wangu arudi nyumbani. Kuna nini kingine?"

"Mama," Profesa akasema taratibu, "unadhani mimi sioni? Nina macho. Mtukufu ana macho. Jenerali pia anayo, ingawa madogo. Siku ile ile ya kwanza wote tuliona."

"Sasa?"

"Sasa kamba inyooke, halafu mimi niwe profesa wa nini?"

"Kwa hiyo watu wanachinjwa ili wewe uwe na somo."

"Unarahisisha, mama." Akapiga kengele ya mezani.

Askari walimshusha Siwema ngazi zote kwa mateke, wakamtupa nje. Akakohoa jino mkononi, akalitazama, akalitupa kwenye maua ya serikali. Kisha akaenda buchani akachukua msumeno.

*

Sasa niwaeleze kuhusu ule Ukimya wa Taifa, maana bila huo hamtaniamini.

Kila msiba ulipoisha, wakubwa na majeshi walikusanyika uwanjani na sisi wananchi tukasombwa. Filimbi inalia, kila mtu anainamisha kichwa, macho ardhini, mdomo umefungwa, miguu haisogei, mpaka bendera ifike juu kabisa ya mlingoti. Zamani ilikuwa ni muda wa kuvuta kamba tu. Lakini bendera haikuwa inafika siku hizo, kwa hiyo tulisimama hivyo tangu asubuhi mpaka pale redio ilipotangaza marehemu mpya. Anayeinua macho, anayesema, anayesogea, hupigwa risasi na aliye jirani naye. Hivyo ndivyo kanuni ilivyosema, na ilikuwa kanuni iliyopendwa sana na watu wenye ugomvi na jirani zao.

Siku ya kumaliza msiba wa mkunga, filimbi ikalia. Tukainama. Ndipo nikaona miguu ya mwanamke ikipita katikati ya safu za askari, pekupeku, bila haraka. Kila askari aliiona ile miguu. Hakuna aliyeweza kusema.

Alipanda kwa kitanzi cha kamba nyayoni, kama wakwezi. Tulisikia mti wa mvule ukilia chini ya uzito wake. Kwa pembe ya jicho nikamwona akipanda mpaka chini kidogo ya bendera, akasimama hapo, hakupita. Akavua kanga yake ya juu akaifungia bendera mlingotini, fundo juu ya fundo. Kanga iliandikwa: NILISEMA HUKUSIKIA, SASA TAZAMA. Kisha akanyoosha mikono juu ya bendera akaanza kukata mlingoti. Mikono ilikuwa juu ya bendera, kweli, lakini Katiba ilisema mtu, haikutaja mikono.

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Nchi nzima ilisikia. Unga wa mbao ulimwangukia Jenerali Pandikizi kwenye kofia, kwenye mabega, ukaingia kwenye kola ukachanganyika na jasho. Uso wake ulivimba kama andazi. Kinywa kilitetemeka kwa amri iliyobanwa ndani. Luteni mmoja akajisahau.

"Afande, kuna mwanamke ju..."

Mlio. Aliyesimama jirani naye alimpiga kwa mujibu wa kanuni, na kwa kuwa alipiga akiwa bado ameinama, risasi ilipita ikampata na mpiga ngoma kubwa. Ngoma ikaanguka na mwenyewe, ikabingirika, ikakaa. Ukimya ukaendelea.

Kwaru. Kwaru.

Kisha mti ukapasuka kwa sauti ambayo kila mtu alijua maana yake. Nusu ya juu ya mlingoti ilikuwa inakuja. Profesa Kifundo alikuwa amesimama mstari wa mbele, chini yake hasa, na alikuwa na nafasi ya kutosha ya kusogea hatua moja kando. Lakini hatua ni kusogea, na kusogea ni risasi. Nadhani alikuwa angali akilipima suala hilo kwa pande zake zote lilipomfikia. Ncha ilimwingilia begani karibu na shingo ikatokea ubavuni, ikampigilia ardhini akiwa amepiga magoti. Lile kapi, lililokuwa limetoka nje ya mwili wake limejaa damu, likazunguka mara moja peke yake. Lilizunguka vizuri kabisa.

Mtukufu Mlezi akainua kichwa, maana yeye peke yake aliruhusiwa. Akaona bendera. Juu yake hakuna mlingoti hata kidole. Ilikuwa imefika juu kabisa.

"Imefika!" akapiga makofi. "Tume imefaulu!"

Tukapiga makofi. Bunduki zilizokuwa zimeanza kumwelekea Siwema zikashuka, kwa sababu kazi imefanywa na Tume, na kama kazi imefanywa na Tume, basi Siwema hakuwepo pale. Alishuka mlingotini hayupo, akapita mbele ya Jenerali hayupo, akakaa kwenye ukingo wa mtaro hayupo.

Mtukufu akatangaza kwamba msiba umekwisha, na mashujaa wote watarudi makwao asubuhi. Siwema aliposikia hivyo alilia kwa mara ya kwanza.

*

Tatizo lilikuwa Profesa.

Profesa alikuwa mkubwa wa kweli, si wa kuchongwa. Kifo chake kilidai bendera nusu mlingoti. Na bendera sasa ilikuwa imefungwa kileleni kwa kanga, kamba imeanguka na kapi, hakuna cha kuishusha. Mtu angeweza kupanda akafungua fundo. Najua mnawaza hivyo. Hata sisi tuliwaza, tukaangaliana, tukakumbuka meno ya muuza karanga, tukanyamaza.

Tume ikakutana usiku ule ule chini ya mwenyekiti wake, Profesa Kifundo, aliyeketishwa kitini na kukazwa mgongoni kwa mti wa ufagio. Wajumbe walikiri baadaye kwamba hakijawahi kuwepo kikao chepesi kama kile. Mwenyekiti hakumkatiza mtu. Azimio likatoka kwa jina lake: kwa kuwa bendera iko juu, hakuna msiba, kwa kuwa hakuna msiba, hakuna marehemu, hivyo basi, kuanzia saa hii mpaka mchakato utakapokamilika, hakuna raia aliyefariki wala atakayefariki nchini.

Asubuhi makaburi yote yalitiwa kufuli. Vyumba vya maiti vikabandikwa kibao cha wodi ya mapumziko. Askari ndio waliofurahi zaidi, kwa sababu bunduki zao sasa zilikuwa haziui. Walifyatua kwenye foleni ya maji kujaribu, na waliobaki chini walishitakiwa kwa kulala barabarani.

Huko Nyumba ya Mashujaa, Mbaruku alikuwa amesimama na kifurushi chake cha nguo akisubiri lango lifunguliwe. Jenerali Pandikizi akamwita.

"Kinyozi. Kabla hujaenda, mnyoe Profesa. Ana mkutano."

Mbaruku akaingia. Joto lilikuwa kali. Profesa alikuwa kitini, ameegemea ufagio wake, shimo la begani limezibwa kwa tai. Mbaruku alilowesha brashi, akainua kidevu, akaweka wembe shavuni. Ngozi ikaja na wembe. Akasimama.

"Mbona husogezi mkono?" akauliza Jenerali.

"Afande, huyu amekufa."

"Rudia."

"Amekufa, Afande. Hata nzi wanajua."

Laiti angesema Profesa yuko katika hali ya mpito. Laiti angesema suala la pumzi linafanyiwa kazi. Alisema amekufa, neno moja ambalo kila mama sokoni angelielewa, na hakuna aliyewahi kurahisisha kiasi kile katika historia ya nchi. Walimpiga kwa vitako vya bunduki, kisha kwa kile kiti cha kunyolea, walipokuwa wamemwondoa Profesa kwa heshima. Walipiga mpaka hali yake ikalingana na ya mwenyekiti. Daktari wa jeshi akamtazama akasema, "Mzima. Anywe uji."

*

Siwema alifika langoni na shati safi mkononi, limepigwa pasi.

"Nimemfuata Mbaruku."

"Huyo hapo, amelala," askari akasema.

Alisimama juu yake. Akakunja shati akaliweka chini. Alipouliza, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Naweza kumchukua nikamzike?"

"Umzike! Mama, kumzika mtu mzima ni mauaji. Mgonjwa ameruhusiwa, mpeleke nyumbani."

Akamlaza kwenye mkokoteni wake wa nyama, akampangusa uso kwa ncha ya kitenge, akaanza kuvuta. Alipita kwenye makaburi ya mjini: kufuli. Akapita ya ng'ambo ya reli: kufuli. Watu wakaanza kumfuata. Wa kwanza walikuwa wateja wa kinyozi, kisha wale ambao nao walikuwa na mtu aliyelala nyumbani siku ya pili haamki, wakiwa wamechoka kufukuza nzi. Tukawa wengi. Akaingia nasi Uwanja wa Umoja, akasimamisha mkokoteni mahali ambapo ardhi ilikuwa tupu.

Jenerali Pandikizi akaja na askari.

"Unakwenda wapi na huyu bwana?"

"Kaburini."

"Hakuna aliyekufa. Azimio hukulisikia?"

"Nimelisikia. Basi mwite ainuke twende zetu."

Watu wakacheka, kicheko kibaya, cha puani. Jenerali alikuwa mtu wa taratibu. Akajikohoza.

"Raia Mbaruku! Inuka!"

"Mpigie tarumbeta, Afande, ana usingizi mzito huyo!" mtu akapaza sauti. Kitako cha bunduki kikamtafuta, kikampata mwingine.

"Nakuamuru kwa jina la Mtukufu! Inuka!"

Waliinuka nzi.

Jasho lilimtiririka Jenerali. Alichomoa bastola. "Kukaidi amri halali," akasema, akamfyatulia kifuani. Mwili uliruka kidogo, ukatulia.

Siwema hakufumba macho. "Amekukaidi tena, Jenerali," akasema. "Mpige nyingine. Ana siku nzima."

Akafyatua. Akafyatua tena, usoni, tumboni, popote, akipiga kelele inuka, inuka, mpaka bastola ikabaki kusema ta, ta, ta. Mbaruku alilala vile vile. Katika nchi ile yote nilikuwa sijawahi kumwona raia aliyeamriwa mara nyingi hivyo asitii.

Siwema akatugeukia sisi.

"Nani ana jembe?"

Hatukuomba ufafanuzi. Majembe yalitoka kwenye vibanda, yalitoka mtaroni kwa wafagiaji, mwingine akaja na sululu, mwingine na sahani ya bati. Askari walifyatua, na wenzetu wakaanguka wakiwa wameshika mipini. Lakini kwa mujibu wa azimio hakuna aliyekufa, kwa hiyo hatukukimbia, tulilipanua shimo. Walifyatua tena. Tukalipanua tena. Miaka yote tuliambiwa kwamba udongo wa uwanja ule ni mgumu, unahitaji wataalamu. Ulikuwa laini. Baadaye milio ikapungua, na baadhi ya waliokuwa wakifyatua niliwaona wameweka bunduki chini, wanatupa udongo kwa mikono.

Jenerali Pandikizi alisogea mpaka ukingoni, bastola tupu bado mkononi, akachungulia.

"Shimo lote hilo," akauliza, na kwa mara ya kwanza aliuliza kama mtu, "ni la kinyozi mmoja?"

Siwema alikuwa ndani, udongo umemfika kiunoni. Akaegemea jembe, akamwangalia kuanzia viatu mpaka kofia, polepole, vile alivyokuwa akimwangalia ng'ombe aliyeletwa buchani.

"Kwani wewe, Jenerali," akasema, "una urefu gani?"